Julian Tuwim: mshairi wa watoto wa Polandi na mafundo ya maisha yake

Karibu kila mtu aliyelelewa kwa Kipolandi analijua kwa moyo shairi la kichwa cha treni. Kimesimama stesheni, kizito, kikubwa ajabu, kinatokwa jasho, na jasho lenyewe ni mafuta ya mashine. Nyuma yake yamefungwa mabehewa: moja lina ng'ombe, jingine farasi, la tatu watu wanene wanaokula soseji nene, la nne limejaa ndizi, la tano lina piano sita. Kuna mzinga wa vita, kuna meza na makabati ya mwaloni, kuna tembo, dubu na twiga wawili. Msimulizi anasema mabehewa ni kama arobaini hivi, na hata yeye hajui yote yamebeba nini. Wangekuja wanyanyua vyuma elfu moja, kila mmoja akala vipande elfu moja vya nyama, wasingeweza kuiinua treni hiyo. Kisha filimbi inalia, mvuke unafoka, magurudumu yanaanza kuzunguka.

Aliyeliandika ni Julian Tuwim. Jina lake hutamkwa Tuvim. Ni huyohuyo aliyeandika shairi la kuwaambia askari watupe bunduki chini, akaitwa msaliti wa taifa. Ni huyohuyo aliyetunga maneno ya wimbo wa mapenzi ambao Wapolandi wanauimba mpaka leo. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na magazeti ya mrengo mkali yalimwambia kwamba anatumia maneno ya Kipolandi lakini anachoandika si Kipolandi. Mama yake aliuawa na Wajerumani. Baada ya vita alirudi nyumbani akaishi vizuri chini ya serikali ya kikomunisti, wakati baadhi ya marafiki zake wa zamani walibaki uhamishoni na kukata naye uhusiano. Na leo yupo tena kwenye mabishano, safari hii kwa sababu ya shairi moja fupi kuhusu mtoto wa Kiafrika.

Watu wengi humtenganisha: hapa Tuwim wa watoto, mchangamfu na asiye na madhara, pale Tuwim wa watu wazima, mwenye hasira na siasa. Naona mgawanyo huo ndio unaotupoteza. Alikuwa na karakana moja tu ya maneno, na mashairi ya watoto yalitoka humo humo, kwa vifaa vilevile. Ukilishika hilo, mafundo mengi ya maisha yake yanalegea, ingawa si yote.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1894 katika mji wa Łódź, ambao mgeni akisikia unavyotamkwa atadhani ni Wuch. Wakati huo hapakuwa na nchi huru iitwayo Polandi. Ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Wajerumani na Waaustria tangu mwisho wa karne ya 18, na Łódź ilikuwa upande wa Urusi. Ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, wa mabomba ya moshi na honi za kubadilisha zamu, na humo waliishi Wapolandi, Wayahudi, Wajerumani na Warusi, kila watu na lugha yao. Baba yake, Izydor, alikuwa karani wa benki. Mama yake, Adela, ndiye aliyemfundisha mashairi na nyimbo za Kipolandi tangu utotoni. Shuleni alisomeshwa kwa Kirusi. Hesabu zilimshinda hadi akarudia darasa. Nyumbani alifuga mijusi na nyoka, alichanganya kemikali zikalipuka, na akajifunza Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, kwa bidii kiasi cha kutafsiri ushairi wa Kipolandi katika lugha hiyo. Dada yake mdogo, Irena, naye alikuwa mshairi, na mwaka 1938 alitoa tafsiri ya Kipolandi ya hadithi za dubu Winnie-the-Pooh ambayo watoto wa Polandi wameipenda kana kwamba iliandikwa kwao tangu mwanzo. Nyumba moja iliwapa Wapolandi sehemu kubwa sana ya utoto wao.

Tuwim alikwenda Warsaw mwaka 1916 kusoma sheria na falsafa, wala hakumaliza. Novemba 1918 Polandi ikapata uhuru baada ya miaka 123, na kabla mwezi huo haujaisha yeye na wenzake walikuwa wamefungua mkahawa wa washairi uitwao Pod Pikadorem, ambako watu walilipa kiingilio kusikia mashairi yakisomwa. Kutoka hapo likazaliwa kundi la Skamander: Tuwim, Antoni Słonimski, Jarosław Iwaszkiewicz, Kazimierz Wierzyński na Jan Lechoń.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana bila hayo mtu hataona kwa nini vijana hawa walishtua. Kwa zaidi ya karne moja mshairi wa Kipolandi alikuwa amebebeshwa taifa zima mgongoni. Hapakuwa na serikali wala jeshi, kwa hiyo ushairi ndio uliotunza kumbukumbu ya nchi na kuomboleza mashujaa wake. Uhuru ulipofika, Skamander walisema sasa mshairi naye ana ruhusa ya kuandika kuhusu kinyozi, mvua, tramu, na msichana aliyepita barabarani. Walileta lugha ya mtaani kwenye ushairi. Tuwim ndiye aliyekwenda mbali zaidi, kwa sababu sikio lake halikubagua: alikusanya maneno ya walevi akayatolea kamusi mwaka 1935, alikusanya habari za uchawi na mashetani wa Kipolandi, aliandikia kabareti vichekesho na nyimbo. Wimbo wake unaosema kwamba mapenzi yatakusamehe yote, aliouimba Hanka Ordonówna mwaka 1933, bado unapigwa.

Sasa turudi kwenye mashairi ya watoto. Mengi aliyatoa katika miaka ya 1930, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na tayari mshairi mkubwa. "Lokomotywa", ndilo lile la kichwa cha treni, lilichapishwa gazetini mwaka 1936, kisha mwaka 1938 likatoka kitabuni pamoja na "Rzepka" na "Ptasie radio", likiwa na picha za wasanii Jan Lewitt na Jerzy Him. Picha zile peke yake zingestahili makala nyingine.

Siri ya shairi la treni iko katika mkazo wa sauti, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza au Mfaransa hana. Kipolandi, kama Kiswahili, huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Kwa hiyo masikio yetu yako tayari. Treni inapoanza kusogea, Tuwim anaandika: "Ruszyła maszyna po szynach ospale". Kwa matamshi yetu ni karibu na *rushiwa mashina po shinah ospale*, yaani mashine imesogea kizembe juu ya reli. Isome kwa sauti. Maneno matatu mfululizo yanaangukia mkazo kwenye silabi ileile, *shi*, na kila *shi* ni pumzi ya mvuke unaotoka kwenye bomba. Kabla ya hapo mistari ilikuwa mizito, yenye miguno ya joto, buch, uch, puff, uff. Baada ya hapo maneno yanafupika, yanarudiwa, mwendo unapanda, mpaka magurudumu yanaimba "tak to to, tak to to, tak to to" bila kukata. Mtoto anayelisoma anajikuta anakimbia bila kuambiwa akimbie.

Katikati ya mbio, shairi linauliza treni inakwenda wapi, na jibu ni: mbele moja kwa moja, kwenye reli, kwenye reli, kuvuka daraja. Nimejaribu kulipeleka pigo hilo kwenye Kiswahili:

Ni wapi? Ni wapi? Ni wapi? Ni kule!
Relini, relini, relini, na mbele!

Pigo linakaa, kwa sababu "ni wapi" na "relini" yana umbo lilelile la silabi tatu zenye uzito katikati. Kinachopotea ni mwisho. Katika Kipolandi mistari hiyo inaishia kwa neno la silabi moja, *wprost*, *most*, na sauti inakatika ghafla kama chuma kikigonga chuma. Kwetu mwisho wa namna hiyo ni nadra. Atakayelitafsiri shairi lote kwa Kiswahili itambidi atafute kishindo hicho mahali pengine.

Shairi hilo linafundisha pia, na ni jambo linalosahaulika. Linauliza nani anaisukuma treni hivi, kisha linajibu kwa usahihi wa fundi: mvuke wa moto unatoka kwenye boila kupitia mabomba hadi kwenye pistoni, na pistoni zinasukuma magurudumu kutoka pande mbili. Mtoto wa miaka mitano anaondoka na kanuni ya injini ya mvuke ikiwa na mahadhi yake.

Mengine yana hila nyingine. Katika "Okulary", bwana Hilary anapekua nyumba nzima akitafuta miwani, anadhani imeibwa, kisha anajitazama kwenye kioo na kuiona puani kwake. Tembo Trąbalski anasahau kila kitu mpaka jina lake mwenyewe. Zosia ni msichana anayedai anajua yote bila kufundishwa. "Ptasie radio" ni matangazo ya ndege wanaokutana kwenye kichaka kujadili mambo yao, na kila ndege anaongea kwa mlio wake hadi mkutano unageuka ugomvi. Msomaji hodari huitikisa nyumba. Ninalolipenda mimi ni "Spóźniony słowik". Bibi ndege analia, chakula kimepoa, mumewe hajarudi na saa zimekwenda. Anawaza mabaya yote. Mume anafika na kusema jioni ilikuwa nzuri mno, kwa hiyo amekuja kwa miguu. Ndege, mwenye mbawa, amekuja kwa miguu kwa sababu dunia ilipendeza! Katika mistari michache tu mtoto amecheka, na mtu mzima amepata jambo la kumfikirisha njia nzima.

Jan Brzechwa, mwanasheria wa haki za watunzi ambaye naye alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, alianza kutoa mashairi yake ya watoto miaka hiyohiyo. Wawili hao ndio walioubadilisha ushairi wa watoto wa Kipolandi. Kabla yao mashairi mengi ya watoto yalikuwa na kidole cha mwalimu kilichonyooshwa: osha mikono, watii wazazi, penda nchi. Wao walimheshimu mtoto kama msikilizaji anayestahili ufundi kamili.

Miaka hiyo ya vicheko ndiyo iliyokuwa mibaya kwake. Mwaka 1929 alikuwa amechapisha "Do prostego człowieka", shairi kwa mtu wa kawaida. Linamwambia kwamba siku watakapoanza kubandika matangazo ya vita ukutani, na maaskofu, wachungaji na marabi wakabariki bunduki, ajue wanamdanganya. Apige bunduki yake chini barabarani, kwa maana "damu ni yako, mafuta ni yao". Wazalendo wa mrengo wa kulia hawakumsamehe. Matusi dhidi ya Uyahudi wake yaliongezeka kadiri muongo ulivyosonga, na mwaka 1937 vyuo vikuu viliruhusiwa kuwatenga wanafunzi Wayahudi kwenye mabenchi yao. Baadhi ya Wayahudi nao walimwona ameiacha jamaa yake, tena anaikejeli. Alipigwa kutoka pande mbili. Mwaka 1936 aliandika "Bal w Operze", utenzi mkali kuhusu nchi ya majasusi, pesa na sherehe inayoelekea maangamizini. Haukuweza kutoka mzima hadi baada ya vita. Mwaka uleule lilitoka shairi la treni. Ukiyasoma pamoja unasikia mkono mmoja: orodha zinazorundikana, mwendo unaopanda, mashine isiyoweza kusimamishwa. Katika moja inakwenda safari, katika nyingine inakwenda kuzimu.

Septemba 1939 Ujerumani ilivamia. Tuwim na mkewe Stefania walikimbia kupitia Romania hadi Ufaransa, Ufaransa ilipoanguka wakaenda Ureno, kisha Rio de Janeiro, na hatimaye New York. Kule Brazil alianza "Kwiaty polskie", utenzi mrefu wa kumbukumbu za nchi iliyochukuliwa. Mama yake alibaki. Adela Tuwim aliuawa mwaka 1942 huko Otwock, karibu na Warsaw, Wajerumani walipoliangamiza geto la mji huo, yaani mtaa walimowafungia Wayahudi. Mwanawe hakuwa na habari za uhakika. Aprili 1944, mwaka mmoja tangu Wayahudi wa geto la Warsaw wainue silaha, aliandika "My, Żydzi polscy", Sisi, Wayahudi wa Polandi, na akaliweka wakfu kwa mama yake aliye Polandi, au kwa kivuli chake mpendwa.

Andiko hilo ndilo jibu lake kwa swali alilosumbuliwa nalo maisha yote: wewe ni nani hasa? Anasema ni Mpolandi kwa sababu ndivyo apendavyo. Ni Mpolandi kwa sababu alizaliwa na kukulia huko, alifurahi na kuteseka huko, alilishwa lugha hiyo tangu uchanga, na mama yake alimfundisha mashairi yake. Kisha anageuza swali. Kuna damu iliyomo mishipani, anasema, na kuna damu inayomwagwa kutoka mishipani. Ya kwanza hainifanyi kitu. Kwa ajili ya ile ya pili, mito ya damu ya watu wasio na hatia, nasema mimi ni Myahudi. Sijui maandishi mengi ya karne ya 20 yaliyolijibu swali la asili kwa utu kama huo. Baada ya vita aliutafuta mwili wa mama yake na kuuzika Łódź, kisha akaandika kwamba katika makaburi ya Kiyahudi ya mji huo liko kaburi la Kipolandi la mama yake wa Kiyahudi.

Alirudi mwaka 1946. Hapa ndipo mashabiki wake wengi hupitisha macho haraka, na sipendi kufanya hivyo. Akiwa New York alikwisha kuegemea upande wa Wasovieti, kwa sababu aliwaona ndio wanaowavunja waliomuua mama yake na watu wake. Lechoń alimwandikia barua ya kukata urafiki. Serikali mpya ilimpokea kwa heshima, nyumba na gari; naye alimsifu rais Bolesław Bierut na akanyamazia magereza. Hata hivyo, Jerzy Kozarzewski, mpiganaji wa jeshi la siri la mrengo wa kulia, alipohukumiwa kifo, Tuwim alimwandikia Bierut kumwombea, na mtu huyo akaachwa hai. Alimwombea uhai mtu wa upande uleule uliomtukana kwa miaka. Ushairi mpya aliutoa kidogo sana. Alimtafsiri Pushkin, mshairi wa Kirusi, alikusanya mambo ya ajabu ya vitabu vya kale, alilea mtoto wa kike, Ewa, waliyemchukua na mkewe. Alifariki kwa moyo huko Zakopane tarehe 27 Desemba 1953. Bunge la Polandi liliutangaza mwaka 2013 kuwa mwaka wa Tuwim, na Łódź kuna sanamu yake ameketi kwenye benchi katika mtaa wa Piotrkowska, wapita njia wakimsugua pua ya shaba.

Limebaki shairi la mtoto wa Kiafrika, na sisi hatuwezi kulipita. "Murzynek Bambo" (Murzynek ni mtoto mweusi) ni la katikati ya miaka ya 1930. Bambo anaishi Afrika, ana ngozi nyeusi, "rafiki yetu huyu". Asubuhi nzima anasoma kwa bidii kitabu chake cha kwanza. Akitoka shule anafanya utundu. Mama akimwambia anywe maziwa, anakimbilia mtini; akimwambia akaoge, anaogopa maji yatamfanya mweupe. Mama anampenda, kwa kuwa ni mtoto mwema. Na mwisho watoto wa Polandi wanasema: inasikitisha Bambo hasomi shule moja nasi.

Wanaolitetea husema tazama mwisho wake, na tazama lilipoandikwa. Katika nchi iliyokuwa ikielekea kuwatenga wanafunzi kwa asili yao, mshairi Myahudi anawatamkisha watoto hamu ya kukaa darasa moja na mtoto mweusi mwenye kitabu mkononi. Hoja hiyo ina uzito, na sidhani Tuwim alikuwa na chuki. Lakini mtoto anayepanda mti akiitwa kunywa maziwa, na anayeamini weusi wake unaoshwa kwa maji, ametoka kwenye picha walizojichorea Wazungu ambao hawakuwa na jirani Mwafrika. Nia ya mtunzi haimsaidii mtoto mweusi wa leo aliyezaliwa Warsaw, ambaye wenzake wanamwita Bambo uwanjani. Mwaka 2020 wasichana weusi wa Polandi walianzisha kampeni mtandaoni wakieleza jinsi neno lililo kwenye kichwa cha shairi hilo linavyowaumiza. Muda mfupi baadaye, maoni ya mtaalamu yaliyotolewa kupitia Baraza la Lugha ya Kipolandi yalishauri neno hilo lisitumiwe tena katika vyombo vya habari, maofisini na shuleni.

Historia nayo iliongeza jambo ambalo Tuwim hakuliwaza. Kuanzia mwaka 1942, maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto ambao Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu hadi Siberia na Asia ya Kati, waliletwa Afrika Mashariki kupitia Iran. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000; nyingine zilikuwa Masindi na Koja nchini Uganda. Watoto wale walisoma Kipolandi chini ya Mlima Meru, na baadhi ya watu wao wamezikwa Tengeru hadi leo. Kwao Afrika ilikuwa na majina ya watu na vijiji, na chakula kilicholimwa na majirani.

Kwa maoni yangu shairi la Bambo libaki katika vitabu vya mashairi yake yote, ambako mtu mzima atalisoma akijua mwaka na mazingira yake, na liondoke kwenye chekechea. Watoto hawatapungukiwa. Yupo ndege aliyerudi kwa miguu, yupo bwana Hilary na miwani yake, yupo tembo aliyesahau jina lake.